Ibada ya Jumapili ilianzia wapi: kwa Mitume, Roma, au kwa Konstantino? Tuyapime maelezo matatu

Mjadala wa Jumamosi na Jumapili kwetu hauishi, na kama una ndugu Upareni au Kisii unanielewa, maana Wasabato walifika milima ya Upare mwaka 1903, wakafika Gendia huko Nyanza mwaka 1906, na mpaka leo kuna familia baba anasali Jumamosi, mama Jumapili, watoto wanaenda zote mbili. Kila anayebishana ana maelezo yake Jumapili ilitoka wapi. Mmoja anasema ni Mitume, mwingine anasema ni Konstantino, na wa tatu, ambaye kwa kawaida amesoma soma kidogo, anasema ni kanisa la Roma kwenye karne ya 2. Mimi nasali Jumapili, nasema mapema ujue nimekaa upande gani, ila hapa nataka tuyapime kwa ushahidi na sio kwa dhehebu, kwa sababu inaniuma kuona watu wanaopendana wanatupiana tarehe ambazo hakuna aliyezikagua.

Kabla ya kuanza, tenganisha vitu viwili. Kuna siku ambayo Wakristo walikutana kuabudu, na kuna siku ambayo waliacha kazi. Sisi leo tunaviona kitu kimoja, unaacha kazi ndo unaenda kanisani. Kwa Wakristo wa miaka 300 ya kwanza havikuwa kitu kimoja hata kidogo, wengi walikuwa watumwa, mafundi, vibarua, na Dola ya Kirumi haikuwa na wikiendi. Ukivichanganya hivi viwili, maelezo yote matatu yataonekana yana ukweli na yote yataonekana ya uongo, na mtabishana mpaka usiku.

Kila upande unasema nini

Maelezo ya Mitume ni haya: Injili zote nne zinasema kaburi lilikutwa wazi siku ya kwanza ya juma, yaani Jumapili, Yohana 20 inaongeza kwamba Yesu aliwatokea wanafunzi jioni ya siku hiyohiyo halafu tena baada ya siku nane, na kuanzia hapo wakawa wanakutana siku hiyo kwa sababu ya ufufuo.

Maelezo ya Roma yalipata nguvu miaka ya 1970 kupitia Samuele Bacchiocchi, Msabato Muitaliano ambaye alisomea udaktari wake Gregoriana, chuo kikuu cha Papa palepale Roma, kitu ambacho kwa Msabato hakikuwa cha kawaida kabisa. Yeye anasema kanisa la kwanza la Yerusalemu liliendelea na Sabato, na mabadiliko yalitokea Roma wakati wa Kaisari Hadriano, baada ya vita vya Wayahudi vya mwaka 132 mpaka 135, Wakristo wa Roma wakataka kujitenga na Wayahudi ambao wakati huo walikuwa wanachukiwa na kuwekewa sheria kali, na heshima ya siku ya Jua, yaani Jumapili, kwa Warumi ikasaidia kuchagua siku ipi.

Maelezo ya Konstantino ndo mafupi na ndo yanasambaa haraka kwenye klipu: mwaka 321 Kaisari Konstantino wa Roma alitoa amri, Jumapili ikaanza.

Agano Jipya linabeba uzito kiasi gani?

Wanaosema Mitume huwa wanataja mistari mitatu. Matendo 20:7, Paulo yuko Troa, wamekutana siku ya kwanza ya juma ili kumega mkate, anahubiri mpaka usiku wa manane na kijana Eutiko anasinzia dirishani anaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Halafu 1 Wakorintho 16:2, kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa ajili ya watakatifu. Halafu Ufunuo 1:10, Yohana anasema alikuwa katika Roho siku ya Bwana.

Sasa tuseme kweli, hii mistari sio mingi na kila mmoja una mlango wa kubishia. Ya Korintho inaongelea kuweka akiba, haisemi wamekusanyika. Ufunuo haisemi siku ya Bwana ni ipi. Na Troa kuna ishu ya kuhesabu siku: kwa Wayahudi siku inaanza jua likizama, kama vile watu wa pwani wanavyosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kwa hiyo mkutano wa usiku siku ya kwanza unaweza kuwa ni Jumamosi jioni kwa hesabu yetu, na asubuhi yake Paulo akaanza safari Jumapili. Ukihesabu Kirumi inakuwa Jumapili usiku. Wasabato wanaongeza kwamba ulikuwa mkutano wa kuagana tu kwa sababu Paulo alikuwa anaondoka kesho yake, ila mimi hapo sikubaliani, maana Luka anasema wazi walikutana *ili kumega mkate*, hasemi walikutana ili kumuaga.

Na upande wa pili lazima utajwe pia. Kitabu hichohicho cha Matendo kinaonyesha Paulo anaingia sinagogi siku za Sabato, Antiokia ya Pisidia, Thesalonike, Korintho kila Sabato. Alikuwa anawafuata Wayahudi walipo, sawa, lakini hakuna mstari unaoonyesha Wakristo Wayahudi wameiacha Sabato yao, na hakuna mstari wowote ambao Yesu au mtume anasema kuanzia leo Sabato imehamia siku ya kwanza. Hamna. Mhubiri wa Jumapili akikwambia upo, mwombe akusomee.

Kwa hiyo hapa maelezo ya Mitume yanasimama ila kwa miguu myembamba. Ya Konstantino yanashindwa kueleza kwa nini siku ya kwanza inatajwa tajwa hivyo kabisa miaka 250 na zaidi kabla yake. Ya Roma yanaweza kuvumilia hapa, yanasema ni matukio ya mara mojamoja.

Kabla ya mwaka 135

Hapa ndo maelezo ya Roma yanaanza kupata shida, kwa sababu tuna maandishi ya Kikristo ambayo hayatoki Roma na mengine yameandikwa kabla ya Hadriano kumaliza vita vyake. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wengi wanakiweka mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa karne ya 2, sura ya 14 inawaambia Wakristo wakusanyike siku ya Bwana, wamege mkate, washukuru, waungame kwanza makosa yao. Ignasi, askofu wa Antiokia ya Siria, akiwa anapelekwa Roma kuuawa miaka ya 110 hivi, aliwaandikia Wakristo wa Magnesia, Asia Ndogo, akisifu wale ambao hawaishi tena kwa kushika Sabato bali kwa kuifuata siku ya Bwana, siku ambayo uzima wetu ulichomoza kupitia kwake. Wasabato wanakumbusha kwamba Kigiriki cha pale kinaweza kusomeka maisha ya Bwana badala ya siku ya Bwana, na hoja yao ni halali, lakini hata ukisoma hivyo bado una askofu wa Siria anayeandikia watu wa Asia kwamba Sabato imeachwa, na Roma haijahusika.

Halafu kuna Waraka wa Barnaba, ambao wengi wanauhusisha na Aleksandria, sura ya 15 inasema tunaishika siku ya nane kwa furaha, siku ambayo Yesu alifufuka. Huu waraka una ukali mkubwa kwa Wayahudi na hapo Bacchiocchi ana haki kusema chuki ilikuwepo. Ipo, na inasikitisha kuisoma. Ila ukali wa Barnaba hauthibitishi kwamba siku yenyewe ilizaliwa na ukali huo, kwa sababu sababu anayoitoa mwenyewe ni ufufuo.

Kuna barua ya Plinius pia, gavana wa Bithinia, kwa Kaisari Trajano kama mwaka 112, anasema Wakristo hukutana siku maalumu kabla ya kupambazuka, wanamwimbia Kristo kama mungu, wanatawanyika, halafu wanakutana tena kula. Hii barua inatumiwa na pande zote na mimi nashauri usiitumie kabisa kwenye kuchagua siku, haitaji ni siku gani. Inachofaa ni kukuonyesha hao watu waliabudu alfajiri, muda ambao mtu asiye na siku ya mapumziko anaweza kuupata.

Yustino, shahidi ambaye wote watatu lazima wamjibu

Yustino alikuwa mtu wa Samaria aliyehamia Roma, akaandika utetezi wake kwa Kaisari kama mwaka 155, na sura ya 67 ingekuwa vizuri kila mtu anayebishania hii mada aisome mwenyewe. Anasema siku iitwayo ya Jua watu wote wa mijini na mashambani wanakusanyika mahali pamoja, zinasomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anahubiri, wanasimama wanaomba, unaletwa mkate na divai na maji, watu wanaitikia Amina, mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo, na wenye uwezo wanatoa wanachotaka kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Halafu anatoa sababu mbili za siku hiyo: ndo siku Mungu aligeuza giza akaumba ulimwengu, na ndo siku Yesu alifufuka.

Soma hiyo ibada pole pole. Masomo, mahubiri, maombi, meza ya Bwana, sadaka kwa wahitaji. Ni ibada yangu mimi ya Jumapili na ni ibada yako pia, na Konstantino alikuwa bado hajazaliwa, na mpaka amri yake kuna zaidi ya miaka 160 hapo katikati. Kwa swali la kuabudu, maelezo ya Konstantino yanaisha hapa, hayana pa kutokea. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Bacchiocchi mwenyewe, msomi maarufu zaidi wa Wasabato kwenye hii mada, hakuyakubali, ndo maana aliitafuta karne ya 2.

Yustino anaandika akiwa Roma, hilo linayapa maelezo ya Roma pumzi. Lakini jiulize: kama Roma ilibuni hii kitu baada ya 135, imekuwaje makanisa ya mashariki na magharibi yakaipokea yote ndani ya muda mfupi bila kelele? Kelele tunazijua zilivyokuwa. Kama mwaka 190 askofu Viktori wa Roma alitaka kuwalazimisha Wakristo wa Asia wabadilishe tarehe yao ya Pasaka, ambayo waliisherehekea tarehe 14 ya mwezi wa Kiyahudi siku yoyote ya juma itakayoangukia, na Polikrate wa Efeso akamgomea kwa barua nzito akitaja mitume na mashahidi waliozikwa Asia, mpaka Irenei wa Lyon akaingilia kuomba amani. Roma ilishindwa kuwahamisha kwenye sikukuu moja ya mwaka. Sasa unaniambia ilifanikiwa kuwahamisha siku ya ibada ya kila wiki na hakuna hata askofu mmoja aliyeandika barua ya kulalamika? Kwangu mimi hii ndo hoja nzito kuliko zote, na sijaona jibu lake linaloniridhisha.

Kitu kingine kwa Yustino ambacho wa Jumapili tunakiruka: hasemi popote kwamba siku ya Jua ni ya kupumzika. Kwenye mjadala wake na Myahudi Trifo anasema sheria mpya inakutaka uwe na Sabato ya kudumu, yaani kuacha dhambi kila siku, na sio kukaa bure siku moja. Na palepale Trifo anapomuuliza kuhusu Mkristo anayeendelea kushika sheria ya Musa, Sabato ikiwemo, Yustino anajibu kwamba yeye anaona huyo ataokoka, mradi asiwalazimishe wengine. Anakiri wapo Wakristo wasiokubali hata kula pamoja na watu hao na anasema yeye hakubaliani nao. Mwaka 160 hivi hiyo.

Na ile ya kuabudu jua?

Nipite haraka. Majina ya siku kwa sayari yalikuwepo Kirumi tangu karne ya 1, na Wakristo walitumia jina la siku ya Jua wanapoongea na Warumi. Tertuliani wa Karthago, karibu mwaka 197, analalamika kabisa kwamba kuna watu wanadhani Mungu wa Wakristo ni jua kwa sababu wanasali kuelekea mashariki na wanafurahi siku ya Jua, na anakataa. Hekalu kubwa la Jua Lisiloshindwa, mungu wa Warumi, lilijengwa na Kaisari Aureliano mwaka 274, miaka mia moja na zaidi baada ya Yustino. Kusema Jumapili ilikopwa huko ni kumfanya mtoto amzae mama yake.

Maelezo ya Roma yana nguvu wapi

Yasitupwe yote lakini. Wanahistoria wawili wa kanisa wa karne ya 5, Sokrate na Sozomeno, wote wanasema karibu makanisa yote duniani wakati wao yalikuwa yanakutana Jumamosi pia pamoja na Jumapili, isipokuwa Roma na Aleksandria. Yaani mashariki waliheshimu siku zote mbili kwa muda mrefu, na Roma ilikuwa tofauti, hata ikawa inafunga chakula Jumamosi wakati mashariki kufunga siku hiyo kulikatazwa. Na Eusebio, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, anataja Waebioni, Wakristo wa Kiyahudi, ambao baadhi yao walishika Sabato na bado wakaadhimisha siku ya Bwana kwa ajili ya ufufuo. Kwa hiyo swali la *nani aliizima Jumamosi* ni tofauti na swali la *nani aliianza Jumapili*, na kwa swali la kwanza Bacchiocchi yuko karibu sana na ukweli, Roma ilikuwa mbele.

Abitina, halafu mwaka 321

Wanaosema Konstantino nawaomba wasome habari za Abitina, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini. Kaisari Diokletiano alikuwa amepiga marufuku mikutano ya Wakristo na kuagiza Maandiko yachomwe. Watu 49 wa Abitina wakakamatwa wakiwa kwenye ibada ya siku ya Bwana, wanaume, wanawake, hata mtoto, wakapelekwa Karthago mbele ya liwali Anulino tarehe 12 Februari 304. Emerito, mwenye nyumba walimokuwa wanasali, aliulizwa kwa nini aliwaruhusu, akajibu hakuweza kuwazuia kwa sababu ni ndugu zake, na kwamba bila ibada ya siku ya Bwana hawawezi. Walikufa kwa hilo. Miaka 17 kabla ya amri ya Konstantino.

Amri yenyewe ni ya tarehe 3 Machi 321. Inasema mahakimu na watu wa mijini na mafundi wote wapumzike siku tukufu ya Jua, ila wakulima waruhusiwe kulima maana mara nyingi siku nyingine haifai kupanda mbegu au mizabibu. Haimtaji Kristo, haitaji ufufuo, haitaji ibada, haitaji Sabato. Julai mwaka huohuo aliongeza ruhusa ya kuwaacha huru watumwa siku hiyo. Kwa hiyo mpe Konstantino haki yake: hakuanzisha ibada, alianzisha *likizo*. Na hilo ni jambo kubwa. Tangu hapo ndo Jumapili inaanza kuchukua sura ya Sabato. Sinodi ya Laodikia, yaani mkutano wa maaskofu huko Asia Ndogo, karne hiyohiyo ya 4, inakataza Wakristo kupumzika Jumamosi na inawaambia waiheshimu siku ya Bwana kwa kupumzika *kama wanaweza*. Maaskofu waliokutana Orléans, Ufaransa ya leo, mwaka 538 wanakataza kazi za shamba Jumapili, lakini wanasema kuamini huwezi kupanda farasi au kupika siku hiyo ni mambo ya Kiyahudi. Ukifika Waprotestanti wa Uingereza mwaka 1646, ungamo la Westminster linasema bila kona kwamba Sabato ilihama kutoka siku ya mwisho kwenda siku ya kwanza tangu ufufuo. Walutheri mwaka 1530, kwenye ungamo la Augsburg, walikuwa wamesema kinyume chake, kwamba anayedhani kanisa limeiweka Jumapili badala ya Sabato kama jambo la lazima amekosea sana. Mlutheri mwenzangu anayemkaripia jirani kwa kufua nguo Jumapili akitaja amri ya Sabato, basi ajue hoja hiyo hakuipata Augsburg.

Uchague ipi

Ukiulizwa Wakristo walianza lini kukutana Jumapili, chagua maelezo ya Mitume, kwa maana ya kwamba ni desturi ya zamani kuliko kumbukumbu ya ugomvi wowote na sababu yake tangu mwanzo ni ufufuo. Usiseme Mitume waliiamuru, hilo huna. Ukiulizwa kwa nini Jumamosi ilipotea magharibi, chagua Roma, na kiri kwamba chuki kwa Wayahudi ilihusika. Ukiulizwa kwa nini ofisi zinafungwa Jumapili, hapo ndo Konstantino.

Na kama nyumbani kwenu mnatafuta namna ya kuishi pamoja, angalia Ethiopia. Wafuasi wa Ewostatewos, mtawa aliyefariki 1352, walitengwa na hata kuteswa kwa kushikilia Sabato mbili, Jumamosi na Jumapili, mpaka mwaka 1450 kwenye mtaguso wa Debre Mitmaq Mfalme Zara Yaqob akaamua zote mbili ziheshimiwe, na mpaka leo Waorthodoksi wa Ethiopia wanaziheshimu. Hawakulazimika kumtafuta mwongo ni nani.

Msabato atakayesoma mpaka hapa ataniambia, sawa, Konstantino nimemwacha, lakini amri ya nne, ile ya Sabato, ilifutwa wapi? Hilo ni swali halali na historia haiwezi kulijibu, kwa sababu kanisa kukutana Jumapili tangu zamani hakumaanishi Jumamosi ilifutwa. Hapo inabidi tufungue Warumi 14:5 na Wakolosai 2:16, tukae chini kila mtu na Biblia yake.